Tunda Adimu, Oda Iko Jumamosi: Jinsi ya Kupata Matunda ya Keki Bila Kupoteza Pesa

Ukioka keki nyumbani kwa ajili ya kuuza, unajua kwamba unga haukupi presha. Unga, sukari, mayai na siagi ziko duka la mtaa hata saa tatu usiku. Presha huja pale mteja anapokutumia picha aliyoitoa mtandaoni: keki nyeupe, juu imejaa bluberi, raspberi na cheri nyekundu, halafu anauliza, "Hii utanifanyia pesa ngapi?"

Unataja bei. Anakubali. Simu inalia, mesej ya malipo ya awali imeingia. Lakini hiyo pesa bado si faida yako. Ni deni la keki ambayo matunda yake hujui utayatoa wapi, na Jumamosi haisubiri mtu.

Hapo ndipo waokaji wengi huumia. Kuna anayezunguka soko tatu kwa bodaboda na kumaliza faida kwa nauli. Kuna anayenunua supermaketi kwa bei yoyote atakayopewa. Na kuna anayepata "mkulima" mtandaoni mwenye picha nzuri na bei ya chini, anamtumia pesa yote, kisha namba inazimwa. Leo tunakuonyesha jinsi ya kutafuta matunda adimu hapa Kenya, nini utumie ukiyakosa, na jinsi ya kulipa ili pesa yako isipotee njiani.

Kwanza, jua kwa nini tunda limeadimika

Matunda hayaadimiki kwa sababu moja. Ukijua sababu, unajua pa kutafuta na unajua kama kutafuta kwenyewe kuna maana.

Kuna matunda ya msimu. Embe za Makueni na Machakos hujaa sokoni kati ya Desemba na Machi hivi. Pwani hupata pia msimu mdogo katikati ya mwaka. Plamu za Kiambu, za upande wa Limuru na Lari, nazo huanza kuonekana kuelekea mwisho wa mwaka. Ukiahidi keki ya plamu mwezi wa Agosti, umejiwekea mtego mwenyewe.

Kuna matunda yanayolimwa hapa lakini yanaenda ng'ambo. Bluberi ni mfano mzuri. Zinalimwa sehemu kama Nanyuki na Murang'a, lakini shehena kubwa hupandishwa ndege. Zinazobaki huuzwa kwenye vikopo vidogo vya plastiki, na bei yake unaijua. Mmea wenyewe una maringo: unataka udongo wenye asidi, kiwango cha pH kati ya 4.5 na 5.5, ndiyo maana huwezi kuuchomeka tu nyuma ya nyumba ukangoja mavuno.

Kuna matunda yasiyopenda safari. Stroberi hulimwa Kiambu, Nyandarua na Nakuru, na mkulima anaweza kuwa nazo nyingi. Shida ni kwamba zinapondeka haraka. Forsadi, zile tunda ndogo nyeusi za mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri, ni laini hata zaidi. Ndiyo maana huwezi kuziona kwa mama mboga, ilhali mti uko kwa jirani na watoto wanakula bure hadi midomo inakuwa zambarau.

Mwisho kuna matunda ambayo kwa kweli hayatoki hapa. Cheri tamu inahitaji baridi kali ya miezi kadhaa ili itoe maua vizuri, na sisi tuko kwenye ikweta. Cheri nyingi unazoona kwenye keki za hapa ni zile za chupa, zilizopikwa kwa sukari. Mteja akitaka cheri mbichi, mwambie mapema kwamba ni za kuagizwa, hupatikana kwa bahati, na bei yake hukuipanga wewe.

Mahali pa kutafuta kabla hujaenda supermaketi

Anza na soko, lakini nenda soko linalofaa. Kwa Nairobi, soko la City Park kule Parklands linajulikana kwa matunda na mboga ambazo masoko mengine hayana. Wakulima, yaani Marikiti, ni la jumla na bei ni nafuu, lakini fika alfajiri. Mombasa una Kongowea na Marikiti ya mjini. Kisumu una Kibuye.

Ukifika, usiulize tu "Uko na bluberi?" Muuzaji akisema hana, mazungumzo yameisha. Uliza hivi: "Mama, nani hukuletea stroberi, na huleta siku gani?" Siku ya mzigo ni habari ya thamani kuliko bei. Ukijua mzigo wa stroberi huingia Jumanne na Ijumaa, unapanga oda zako kuizunguka hiyo siku. Muachie namba yako, chukua yake, na ukipata mzigo mzuri mlipe haraka bila maneno mengi. Muuzaji humkumbuka mteja asiyesumbua.

Pili, mtafute mkulima moja kwa moja. Afisa wa kilimo wa wadi yako huwa anajua nani amepanda nini. Wakulima wadogo wa stroberi hufurahi kupata mnunuzi wa kilo mbili kila wiki, kwa sababu zile tunda ndogo au zenye umbo baya ambazo duka kubwa hukataa, wewe unazihitaji kwa jemu na kwa kujaza katikati ya keki. Hakuna atakayeona kwamba stroberi iliyo ndani ya jemu ilikuwa imepinda.

Tatu, angalia miti ya mtaa. Forsadi, zambarau, mapera na nathi huota hadi zinaanguka chini na kuoza. Ongea na mwenye boma kwa heshima, kubalianeni bei kwa ndoo au kwa kimbo, na umlipe siku hiyo hiyo. Usichume kwanza halafu uombe baadaye.

Nne, unganeni. Waokaji watano wakichanga, wanaweza kununua kasha zima kwa bei ya jumla na kugawana nauli. Lakini kabla ya kuchanga, amueni mambo matatu na myaandike kwenye grupu: nani anapokea pesa, mgawo unafanyika lini, na tunda zikifika zimeoza hasara ni ya nani. Chama kinachoanza bila jibu la swali la tatu huvunjika mzigo wa kwanza tu.

Na neno moja kwa walio na ndugu ng'ambo. Usimwambie dada yako akubebee raspberi kwenye begi kutoka London. Matunda mabichi yanayoingia nchini yanahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka. Bila hayo yatachukuliwa uwanja wa ndege, na oda yako itakuwa imebaki na picha tu.

Ukilikosa, tumia nini?

Mteja mara nyingi hataki bluberi kwa jina lake. Anataka rangi ya zambarau, ladha ya uchachu kidogo, na keki itakayopendeza kwenye picha. Ukimpa hayo kwa tunda la hapa, na umemwambia kabla, wengi hukubali. Hizi hapa njia ambazo hufanya kazi:

*Badala ya bluberi au blakiberi:* forsadi. Ziko tamu, kwa hivyo ongeza maji ya limau. Zina kijiti kidogo katikati, kikate kwa makasi kabla ya kuweka kwenye keki.

*Badala ya raspberi kwenye sosi au jemu:* matunda damu. Yamwagie maji ya moto, menya ganda, pika nyama yake na sukari, kisha chuja mbegu. Yana rangi kali na uchachu wa kutosha, na sokoni hupatikana kwa urahisi.

*Badala ya zile tunda za kigeni za kupamba juu:* nathi. Ukirudisha nyuma lile ganda lake kama karatasi, linakaa kama ua, na keki ya harusi inapendeza bila gharama kubwa. Tumia zilizoiva tu, za manjano au rangi ya chungwa. Zilizo kijani si za kula. Uzuri wake ni kwamba ndani ya ganda hilo hukaa wiki kadhaa bila kuharibika.

*Badala ya limau kwenye krimu:* unga wa mabuyu usio na sukari. Mibuyu iko mingi Kilifi, Kitui na Makueni. Usichanganye na yale mabuyu mekundu ya pipi. Unga mweupe una uchachu mzuri, ni mkavu kwa hivyo haulegezi krimu, na hukaa kabatini muda mrefu.

*Badala ya maganda ya matunda ya dukani kwa keki ya Krismasi:* yatengeneze mwenyewe. Chukua maganda ya machungwa na malimau, yachemshe mara 3 ukibadilisha maji kila mara ili uchungu utoke. Kisha yapike polepole kwa sukari na maji ya kiasi sawa hadi yang'ae, yaanike usiku mmoja, katakata. Hayo maganda ulikuwa unayatupa.

Jambo moja usilisahau: mbadala unatangazwa kabla ya kuoka. Ukimshangaza mteja siku ya sherehe, hata kama keki ni tamu, atasema umemdanganya, na mbele ya wageni wake hutakuwa na la kujitetea.

Nunua likiwa jingi, tumia likiwa adimu

Friza ndiyo ghala lako. Osha stroberi au forsadi, zikaushe kabisa, zitandaze kwenye trei bila kugusana, zigandishe, halafu ndipo utie kwenye mfuko. Ukizitia mfukoni zikiwa na maji zitashikana kama jiwe, na kila ukitaka gramu 200 itabidi uyeyushe kilo nzima. Ukifunga mfuko vizuri zitakaa miezi kadhaa. Andika tarehe juu yake.

Unapooka, usiziyeyushe. Zitie kwenye mchanganyiko zikiwa barafu, baada ya kuzipakaza unga kidogo ili zisizame chini. Ukiona keki ya bluberi au forsadi imekuwa na madoa ya kijani, usidhani tunda limeoza. Mara nyingi ni soda ya kuokea iliyozidi: rangi ya zambarau ya matunda hayo hubadilika ikikutana nayo. Punguza soda au tumia maziwa ya mgando.

Pasheni, au karakara kama wengine tunavyoita, ni rahisi zaidi. Toa maji yake na mbegu, mimina kwenye trei ya barafu, na kila kipande kikiganda una kipimo tayari. Na usikimbie pasheni yenye ganda lililokunjamana. Mara nyingi hiyo ndiyo tamu.

Kwa wanaotumia gelatini: nanasi, papai na kiwi zikiwa mbichi huizuia kushika. Utakaa usiku kucha ukingoja na asubuhi bado ni uji. Zichemshe dakika chache kwanza, au tumia nanasi la mkebe, ambalo tayari limepitia moto.

Kumbuka pia kwamba stroberi haiivi baada ya kuchumwa. Ikifika nyeupe mabegani itabaki hivyo hivyo. Embe huiva nyumbani, stroberi haiivi. Kwa hivyo usikubali maneno ya "itaiva tu kesho" kutoka kwa muuzaji, na uwe tayari kulikataa kasha.

Hesabu ya keki moja

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kukuonyesha njia tu, weka zako. Tuseme umeuza keki kwa shilingi 5,000 na umepokea nusu, 2,500.

- Unga, mayai, siagi, sukari, maziwa: 1,300
- Krimu na mapambo: 700
- Bluberi vikopo 4, kila kimoja 350: 1,400
- Nauli ya kuzifuata: 300
- Gesi, sanduku na ubao: 350
- Ada za kutuma pesa: 50

Jumla ni 4,100. Umebaki na 900 kwa kazi ya siku mbili.

Sasa bei ya kikopo ikipanda hadi 450 kwa sababu ulichelewa, umebaki na 500. Ukiweka vikopo 2 vya bluberi juu ambapo zinaonekana, na katikati ukaweka forsadi za shilingi 200, matunda yote yamekugharimu 900 badala ya 1,400, na umebaki na 1,400.

Lakini angalia mbaya mbaya: umemtumia tapeli ile 1,400 ya bluberi, na bado umelazimika kununua nyingine kwa 1,400. Ile faida ya 900 imeisha na umeingia hasara ya 500. Umeoka siku mbili, na wewe ndiye uliyelipa. Kosa moja la malipo linaweza kula faida ya oda hiyo na nyingine inayofuata, ndiyo sababu tunasisitiza sehemu inayokuja.

Kabla ya kumtumia muuzaji pesa

Wakora wa mtandaoni wanajua kwamba mtu anayetafuta tunda adimu ana haraka. Haraka yako ndiyo mtaji wao. Fanya hivi kila mara:

1. *Omba picha ya leo.* Mwambie aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi, aiweke kando ya matunda na apige picha. Mwenye matunda atafanya kwa dakika mbili. Asiye nayo ataanza hadithi ya simu kuharibika kamera.

2. *Muulize maswali ya shamba.* Ni aina gani? Mlichuma lini mara ya mwisho? Msimu huu utaendelea hadi lini? Mkulima hujibu haya bila kufikiria. Tapeli hukurudisha kwenye bei na kukuambia kuna mteja mwingine anangoja.

3. *Soma jina kabla ya kuthibitisha.* Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji, simama. Je, ndilo jina alilojitambulisha nalo? Akisema "hiyo ni namba ya ndugu yangu" au "ni ya mfanyakazi," muulize kwa nini. Jibu lisipokuridhisha, katiza.

4. *Tumia till au nambari ya biashara akiwa nayo.* Malipo yanaingia kwa jina la biashara na rekodi inabaki safi kwa pande zote mbili. Lakini usidanganyike: kuwa na till si cheti cha uaminifu. Bado uliza maswali.

5. *Usilipe yote mara ya kwanza.* Anza na oda ndogo. Mkubaliane alipwe mzigo ukifika na ukiuona. Akihitaji kitu cha kumhakikishia, mtumie nauli ya bodaboda au sehemu ndogo tu, kiasi ambacho hata kikipotea hutalia.

6. *Fungua kasha kabla ya kumaliza malipo.* Angalia chini, si juu peke yake. Stroberi nzuri hupangwa juu. Ukiona maji au ukungu chini, piga picha hapo hapo mbele ya aliyeleta, na muongee bei upya.

Mesej ya kwanza kwa muuzaji mgeni inaweza kuwa hivi: "Habari ya asubuhi mzee. Nahitaji stroberi kilo 2 kwa Ijumaa. Naomba picha ya leo yenye jina langu kando. Nitatuma nauli asubuhi, na nyingine nitamaliza nikipokea na kuziona. Ni sawa?" Mtu mwaminifu hatakasirika. Na wewe umejilinda kwa sentensi tano.

Ukiwa wewe ndiye unayelipwa

Mwokaji pia hulengwa. Mtu anakuagiza keki, anakutumia mesej inayofanana kabisa na ya malipo, halafu anamtuma bodaboda aichukue haraka. Usiangalie mesej peke yake. Angalia salio lako. Kama salio halijaongezeka, keki haitoki mlangoni, hata bodaboda akipiga honi mara kumi.

Mwingine atapiga simu: "Dada, nimetuma pesa zaidi kimakosa, nirudishie hiyo tofauti." Usimtumie chochote kutoka mfukoni mwako. Mwambie apigie huduma kwa wateja na aombe muamala urejeshwe kwa njia rasmi. Kama kweli alikosea, njia hiyo itamsaidia. Kama ni mchezo, hutamsikia tena.

Na namba yako ya siri ni yako peke yako. Hakuna mtu anayehitaji namba yako ya siri ili akutumie pesa. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza. Akiuliza, hata akijua jina lako lote, kata simu.

Malipo ya awali: yaandike kabla hayajaleta ugomvi

Ugomvi mwingi kati ya mwokaji na mteja hauanzi kwa ladha. Huanza kwa tunda lililokosekana na swali la nani abebe hasara. Ondoa swali hilo mapema kwa mesej fupi unayomtumia kila mteja kabla ya kupokea shilingi yake:

"Asante dada kwa oda. Keki ya kilo 2, Jumamosi saa nne asubuhi, bei 5,000. Malipo ya awali ni 2,500. Bluberi zikikosekana hadi Alhamisi nitakujulisha, na utachagua: forsadi kwa bei hiyo hiyo, matunda mengine ya msimu, au nikurudishie malipo yako. Baada ya Alhamisi viungo vitakuwa vimenunuliwa, kwa hivyo malipo ya awali hayatarudishwa ukighairi. Ukikubali nijibu SAWA."

Hilo neno SAWA lina nguvu. Kila mmoja ana nakala kwenye simu yake, na hakuna wa kusema hakuambiwa. Alhamisi ikifika na tunda hakuna, usinyamaze ukiombea muujiza wa Ijumaa usiku. Mpigie. Mteja anayepata habari mbaya siku mbili kabla anaweza kupanga. Anayeipata saa mbili kabla hatasahau, na atawaambia wengine.

Jambo lingine: malipo ya awali usiyachanganye na pesa ya nyumba. Kama unaweza, kuwa na laini au till ya biashara peke yake. Kila mwisho wa mwezi chukua taarifa ya miamala yako na uisome. Utaona kwa macho yako ni kiasi gani kilienda kwa matunda, ni muuzaji gani unamlipa zaidi, na nauli inakula nini. Waokaji wengi hugundua kwamba keki wanayoipenda kuoka ndiyo inayowaletea hasara.

Pesa ikienda vibaya

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usikae ukijilaumu. Omba kurejeshewa muamala papo hapo kupitia huduma kwa wateja, kabla aliyepokea hajaitoa. Hapa dakika ni pesa kweli.

Ukitapeliwa, hali ni tofauti kidogo. Kurejesha muamala kumewekwa kwa pesa iliyotumwa kimakosa, na wewe ulimtumia mtu uliyekusudia. Bado ripoti kwetu haraka ili namba hiyo ichunguzwe. Hifadhi mesej za malipo, mazungumzo yote na picha alizotuma. Usifute chochote kwa hasira. Kisha nenda kituo cha polisi, toa taarifa na upewe nambari ya OB. Bila hiyo nambari, hakuna wa kuanzia kazi.

Na waambie wenzako kwenye grupu la waokaji. Aibu ya kutapeliwa ni yake tapeli. Ukinyamaza, kesho atatumia zile zile picha za bluberi kwa mwingine.

Anza na haya wiki hii

Huhitaji kungoja oda kubwa. Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta wauzaji wawili wa tunda unaloulizwa zaidi, uandike namba zao na siku zao za mzigo. Pili, tengeneza ile mesej ya makubaliano na uihifadhi kwenye simu ili uwe unainakili tu. Tatu, oka kikombe kimoja cha majaribio kwa forsadi, matunda damu au nathi, uwape majirani waonje bila kuwaambia ni nini. Wakiuliza utauza lini, una mbadala uliokubalika, na siku bluberi zitakapokosekana utakuwa na jibu la kumpa mteja kabla hajaanza kuwa na wasiwasi.

Kama unalenga keki za Krismasi, anza kuweka pesa kando sasa, kidogo kidogo kila wiki, ili Novemba ununue zabibu kavu na cheri za chupa kabla kila mtu hajazikimbilia. Desemba kila mtu anaoka, na aliyejipanga mapema ndiye anayebaki na faida mezani.